Maji ya Mang'ola yapimwe sasa, kabla hayajatuishia

Chemchemi za Qangdend, wilayani Karatu, zimebebeshwa mzigo ambao hakuna aliyeuweka kwenye mizani. Maji yake ndiyo yanayolisha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na vijiji jirani vya Bonde la Eyasi, kile kitunguu chekundu kinachojaza malori ya Arusha na Dar es Salaam na kuvuka mpaka kuingia Kenya. Kwa miaka mingi sasa majaruba yamekuwa yakiongezeka, pampu zikiongezeka, na ugomvi wa maji wakati wa kiangazi umezoeleka kiasi cha suala hilo kufikishwa hadi bungeni. Lakini uliza swali moja tu: vitunguu vya bonde hili vinakunywa maji kiasi gani kwa msimu? Jibu lake hatujaliona likiwa limebandikwa popote mwananchi anapoweza kulisoma. Gazeti hili linasema hali hiyo ni ya hatari. Na inatisha zaidi kwa sababu kipimo kipo, na ni cha bure.

Maji haya hayazaliwi Mang'ola. Mvua inanyesha juu, kwenye misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro na mlima Oldeani ambao kilele chake kinazidi mita 3,000. Inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, kisha inatokeza kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mvua yenyewe ni haba. Chini kabisa liko Ziwa Eyasi, ziwa la chumvi lisilo na mto unaotoka, ambalo kiangazi kikikaza hubaki uwanda mweupe. Maji ya bonde hili hayaendi baharini. Yakishatokeza pale Qangdend, mwisho wa safari yake ni angani, kwa njia ya mvuke: ama yapitie kwenye jani la kitunguu, ama yatoke kwenye udongo wenye unyevu, ama yapande kutoka juu ya ziwa. Kwa hiyo anayetaka kujua maji ya Eyasi yanatumikaje hana budi kuupima mvuke. Kupima mfereji peke yake hakumfikishi.

Leo tunapima nini? Fika shambani asubuhi. Kijana amesimama kwenye tope hadi kifundo cha mguu, jembe mkononi. Anakata tuta, maji yanaingia jaruba la kwanza, yanapanda hadi shingo ya mche, anaziba kwa udongo, anakata la pili. Akimaliza safu anamwita wa shamba linalofuata. Zamu yake imehesabiwa kwa saa. Utaratibu huo wa zamu ni wa kale na wa heshima. Katika wilaya jirani ya Ngorongoro, Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, wamegawana maji ya mifereji yao chini ya wazee waitwao wenamiji tangu kabla ya wakoloni kufika. Utaratibu huo ulidumu kwa sababu watu wote walitegemea mfereji uleule, na wazee waliuona kwa macho yao kuanzia juu hadi chini.

Mang'ola ya sasa si hivyo. Aliyekosa zamu ana pampu, anatandika mpira wake hadi kwenye maji, na mafuta yakiwepo anamwagilia hata usiku. Mwingine amechimba kisima. Huko juu, Karatu, kuna mashamba makubwa ya kahawa yenye mabwawa, kuna hoteli za watalii, kuna mji unaokua. Saa za mfereji haziwezi tena kueleza maji yote yanakwenda wapi.

Kibali nacho hakielezi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mtumiaji mkubwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lake. Kwa Eyasi hiyo ni Bodi ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida. Kibali kinataja kiasi kinachoruhusiwa kuchukuliwa kwenye chanzo. Lakini kuchukua maji na kuyamaliza ni mambo mawili tofauti. Maji yanayopita banio na kuzidi mahitaji ya jaruba huzama, hurudi kwenye mkondo, na mkulima wa chini huyaokota. Yaliyogeuka mvuke hayarudi kwa jirani yeyote. Bodi inayosimamia yanayochukuliwa bila kujua yanayokwisha inaweza kutoa vibali ambavyo kila kimoja ni halali, na bonde likakauka huku makaratasi yote yakiwa safi.

Tufanye hesabu ambayo kila mwenye kalamu anaweza kuirudia. Kwa mujibu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kitunguu kinahitaji kati ya milimita 350 na 550 za maji kwa msimu. Milimita moja juu ya hekta moja ni lita 10,000. Kwa ekari moja, basi, msimu mmoja unameza kati ya lita milioni 1.4 na milioni 2.2. Siku ya jua kali, shamba ambalo majani yameshafunika ardhi linaweza kupoteza milimita 5. Hizo ni lita 20,000 kwa ekari, ndoo elfu moja za lita 20, kwa siku moja tu. Sasa chukua mfano wa hekta 1,000 zikiwa kijani kwa wakati mmoja. Zinapoteza lita milioni 50 kwa siku. Ili kuzirudisha, chemchemi zingepaswa kutoa lita zipatazo 580 kila sekunde, usiku na mchana, na hapo hatujahesabu yanayovuja mferejini, hatujanywesha ng'ombe hata mmoja, wala hatujajaza ndoo ya mama yeyote. Hekta 1,000 ni mfano wa hesabu. Hekta halisi, na milimita halisi za kila juma, ndivyo vitu ambavyo setilaiti inavitoa.

Namna inavyofanya kazi si siri ya wasomi. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ndiyo sababu mtungi wa udongo unaotoka jasho hupoza maji ya kunywa hata mchana wa jua kali. Shamba lililokunywa vizuri nalo hupoa hivyohivyo, na lenye kiu huwa la moto. Setilaiti za Landsat hupita juu ya Karatu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, zikipima joto la uso wa ardhi pamoja na mwanga unaorudi kutoka kwenye majani. Mtaalamu huchukua nguvu yote ya jua iliyofika shambani, akaondoa iliyorudishwa angani, iliyozama kupasha udongo na iliyopasha hewa. Inayobaki ndiyo iliyogeuza maji kuwa mvuke. Kila kilo ya maji inahitaji takriban megajuli 2.45 ili igeuke, kwa hiyo ukishajua nguvu umeshajua na lita.

Ili hesabu isipotoke, huteuliwa sehemu mbili ndani ya picha ileile: shamba lililoshiba maji ambalo ndilo baridi kuliko yote, na ardhi kavu isiyo na jani ambayo ndiyo ya moto kuliko yote. Mashamba mengine yote hupimwa kati ya hizo mbili. Hapa Eyasi ina mtego wake. Uwanda wa chumvi wa ziwa lililokauka ni mkavu kwa macho, lakini unang'aa na kurudisha mwanga mwingi mno, hivyo haufai kuwa kipimo cha ukavu. Asiyelijua bonde akiuchagua ataharibu hesabu nzima. Shamba la kulazwa, lililolimwa na kuachwa wazi kiangazi, ndilo linalofaa, na anayejua liko wapi ni afisa ugani wa kata na mkulima mwenyewe. Tunalisema hili kwa kusudi: kazi hii haiwezi kufanywa na watu wa mbali peke yao wakaileta imeshafungwa.

Wala si jambo jipya. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake zote zimekuwa bure kwa yeyote duniani. Mholanzi Wim Bastiaanssen na wenzake walichapisha mwaka 1998 mfumo wa hesabu uitwao SEBAL, na Rick Allen wa Idaho, Marekani, akaujengea juu mfumo wa METRIC, ambao idara ya maji ya jimbo lile inautumia katika masuala ya haki za maji. Wakati Landsat 8 inaandaliwa, kifaa cha kupima joto kilikuwa kimeachwa nje ya mpango. Wasimamizi wa maji wa majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani walishinikiza mpaka kikaongezwa, na setilaiti ikaruka Februari 2013 ikiwa nacho. Wenzetu hao waligombea kifaa. Sisi tumeletewa matokeo yake juu ya vichwa vyetu, na kazi iliyobaki ni kuyafungua na kuyasoma.

FAO nayo imeweka hadharani tangu mwaka 2017 hazina iitwayo WaPOR, inayoonyesha mvuke wa mazao kwa Afrika nzima. Na jirani zetu wa Bonde la Pangani, upande wa juu, wameshapimwa. Mwaka 2013 watafiti Kiptala, Mohamed, Mul na van der Zaag walichapisha hesabu ya mvuke wa bonde hilo kwa kutumia picha za setilaiti za miaka 2008 hadi 2010. Walikuta kuwa takriban asilimia 94 ya mvua yote inayonyesha pale hurudi angani, na asilimia 6 tu ndiyo hutoka kama maji ya mto. Pangani, yenye mto mkubwa na mabwawa ya umeme, imebakiwa na asilimia hizo chache. Eyasi isiyo na mto wa kutoka inatarajia kubakiwa na nini?

Tunajua yatakayosemwa, na mengine ni ya kweli. Picha za bure za WaPOR zinazofunika bara zima zina vipande vya mita 300 kwa 300, yaani hekta 9, zaidi ya ekari 20. Ndani ya kipande kimoja cha namna hiyo katika kijiji cha Barazani unaweza kuwa na wakulima kadhaa, mfereji, njia ya ng'ombe na miti ya migunga. Kipimo cha joto cha Landsat 8 na 9 ni cha mita 100, hekta moja, bado kipana kwa mwenye nusu ekari. Setilaiti hizo mbili zikipokezana, picha mpya hupatikana kila baada ya siku 8, na mawingu ya Karatu yakitanda siku hiyo unasubiri tena. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinaona hadi mita 10 kila siku 5, lakini hazipimi joto. Zinaonyesha ukijani, na ukijani peke yake hauelezi kiu ya leo. Kwa hiyo mtu asimwendee mkulima mmoja na picha mkononi akamwambia umezidisha lita mia saba. Picha hizi hazina uwezo huo, na anayedai zinao anadanganya.

Ila hazihitaji kuwa nao. Tunachodai ni hesabu ya bonde, ya kijiji, ya mfereji: skimu hii imemaliza maji kiasi gani kuanzia Juni hadi Oktoba, na ile ya juu yake je? Kwa upana huo makosa madogo ya kipande kimoja hufidiwa na ya kingine, na kiangazi, msimu ambao ugomvi hupamba moto, mawingu ni machache. Hazina ya Landsat pia inaturuhusu kurudi nyuma. Tunaweza kuona kiangazi cha 2013, cha 2014, hadi cha mwaka jana, na kujua eneo la kijani limesogea kutoka wapi hadi wapi, bila kumhoji mtu yeyote.

Lipo jambo moja linalotutia hofu kuliko uchache wa picha, nalo huja likiwa limevaa nguo za wokovu. Ni mpango wa kuwaletea wakulima mabomba ya matone na pampu za jua kisha kutangaza kwamba maji yameokolewa. Umwagiliaji wa matone ni mzuri: unapunguza magugu, mbolea haisombwi, kazi inapungua. Lakini maji "yaliyookolewa" mara nyingi ni yale yaliyokuwa yanazama na kurudi kwa jirani wa chini. Mkulima mwenye matone, kwa haki kabisa, hutumia nafuu hiyo kuongeza ekari, na kila ekari mpya inatoa mvuke wake. Chris Perry na Pasquale Steduto waliandika ripoti ya FAO mwaka 2017 wakichunguza suala hilohilo katika nchi mbalimbali. Walikuta kuwa pale pasipowekwa ukomo wa matumizi, teknolojia mpya mara nyingi huacha maji yakiisha kwa kiwango kilekile au zaidi. Pampu ya jua inaongeza hatari, kwa kuwa mafuta hayamzuii tena mtu. Mradi wa namna hiyo ukiletwa Mang'ola bila kipimo cha mvuke kabla na baada, utapongezwa kwenye ufunguzi na kulaumiwa kwenye chemchemi.

Na nani atakayeumia kwanza? Sheria ya 2009 imepanga foleni kwa maneno yaliyo wazi: kwanza mahitaji ya binadamu, pili mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Eyasi ni nyumbani kwa Wahadzabe, ambao riziki yao tangu zamani ni mawindo, asali na mizizi, na kwa Wadatoga wenye mifugo. Hawa hawana gunia la kupeleka sokoni ili lisemewe na wachuuzi. Maji yakipungua kwenye mkondo hawapati hata mahali pa kuandikisha hasara. Foleni iliyopangwa na sheria haiwezi kulindwa na mtu asiyejua aliye nyuma amekunywa kiasi gani kabla ya aliye mbele kufika.

Haki hiyohiyo inamhusu mkulima mdogo wa kitunguu. Anayo sababu ya kuogopa jicho la angani, kwa kuwa mara nyingi vipimo vya serikali humfikia yeye vikiwa faini. Ndiyo maana tunashikilia kwamba ramani ianzie juu: mashamba makubwa, mabwawa, hoteli na visima virefu vya Karatu viwemo ndani ya hesabu ileile, kwa rangi zilezile, na ukurasa uwe mmoja. Misitu ya Ngorongoro iwemo pia. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro inalinda chanzo chenyewe, na picha hizihizi zinaonyesha msitu unaponyauka au unapomegwa, mapema kuliko mguu wa askari unavyoweza kufika.

Nchi hii imeshaona mwisho wa njia tunayoifuata. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mabishano juu ya nani alimaliza maji ya bonde la Usangu, upande wa juu wa mto huo, yameendelea kwa miaka mingi. Karibu zaidi na hapa, chini ya nyanda hizihizi za Ngorongoro upande wa mashariki, yapo magofu ya Engaruka. Watu walijenga pale mifereji na matuta ya mawe kwa ustadi mkubwa, wakalima kwa karne kadhaa, kisha wakaondoka. Wataalamu wa mambo ya kale hawajakubaliana juu ya sababu, lakini kupungua kwa maji ni mojawapo ya zinazotajwa.

Bodi ya Maji Bonde la Kati isingoje mfadhili. Picha ni bure, programu nyingi za kuzichakata ni bure, na vijana wanaoweza kazi hii wanasoma Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Mamlaka ya Hali ya Hewa itoe takwimu za upepo, unyevu na jua za eneo hili, kwani hesabu ya setilaiti bila hizo ni nusu. Kwenye chemchemi za Qangdend kiwekwe kipimo cha mtiririko kinachosomwa kila siku na kuandikwa kwenye daftari ambalo mwanakijiji anaruhusiwa kulifungua. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, kabla ya kujenga banio jingine au kutandaza bomba jingine ndani ya bonde hili, ionyeshe hadharani mvuke wa skimu ni kiasi gani leo na utakuwa kiasi gani kesho. Halmashauri ya Karatu inayokusanya ushuru kwa kila gunia la kitunguu itenge sehemu ya ushuru huo kwa ajili ya kupima maji yaliyokuza gunia hilo.

Ramani ya kiangazi kilichopita ibandikwe, kwa Kiswahili, kwenye ofisi za vijiji vyote vinavyotumia maji ya Qangdend kabla Juni haijafika, na aliyeichora asimame barazani aulizwe maswali na wakulima, wafugaji na Wahadzabe. Mpaka siku hiyo ifike, Bodi isitoe kibali kipya cha pampu wala kisima cha umwagiliaji katika Bonde la Eyasi, awe anayeomba ni mkulima wa ekari moja au mwenye shamba la ekari mia tano.